Ufukwe wa Nyoosha

Kuna watu hawawezi kupita karibu na picha iliyoning'inia upande bila kuinyoosha, hata kama picha si yao na nyumba si yao. Mzee huyu alikuwa mmoja wao, na ndiyo maana wenzake kazini walimwita Nyoosha, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kwenye kitambulisho tu. Maisha yake yote aliendesha greda, ile mashine ndefu yenye kisu tumboni inayosawazisha barabara kabla ya lami kumwagwa, na kokote alikopita aliacha ardhi imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Viatu mlangoni vilipangwa vikapangika. Kitambaa cha meza kikizidi upande mmoja kwa unene wa kidole, haonji chakula mpaka akivute. Mkewe akikasirika naye alikuwa akikisogeza kitambaa hicho makusudi, kisha anaketi kumtazama anavyohangaika.

Mke huyo, Mama Pacha, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikodisha viti vya kulalia na miavuli ufukweni, chini ya ngazi zinazoshuka kutoka mtaa wa mahoteli, na ilikuwa kazi ya upepo, kelele na wageni wanaohama kila kivuli kinapohama. Asubuhi alivitandaza viti kwa kufuata jua, mchana akavigeuza, jioni akavikusanya na kuvifunga kwa mnyororo. Hakuna siku vilikaa kwa mstari. Nyoosha aliwahi kupita pale mara chache akiwa likizoni, akaviona viti vilivyokaa shaghalabaghala, macho yakamuuma, akajitia ana haraka akaondoka.

Ndoa yao ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ndoa ya mbali. Barabara haimfuati mtu nyumbani, mtu ndiye anayeifuata huko iliko. Nyoosha aliishi kambini, ndani ya vijumba vya bati, akarudi mwisho wa mwezi na vumbi masikioni na hadithi mdomoni, na hadithi zenyewe zilikuwa za barabara tupu. Kona fulani alivyoilaza ili mabasi yasiteleze. Mteremko fulani uliowatoa jasho mpaka mkandarasi akataka kuukimbia. Mama Pacha alisikiliza huku akiziba matundu ya miavuli kwa sindano na uzi, akajibu "Mm," na baada ya kitambo akajibu "Mm" nyingine. Kwenda kuziona hizo barabara, hakuwahi. Sikukuu, wakati watu wengine wanasafiri, ndipo ufukwe ulipofurika na yeye akakosa hata nafasi ya kujikuna.

Kwa hiyo mzee alistaafu akiwa na jambo moja limemkaa kooni. Mtu aliyemjali kuliko wote duniani hakuwahi kuikanyaga kazi yake hata kwa unyayo mmoja. Alitaka mkewe asimame juu ya kitu alichokitengeneza, akitazame, aseme, "Hapa umefanya kazi, baba." Basi. Mengine yote alikuwa nayo, pamoja na mgongo unaouma.

Wakati huo huo bahari ilikuwa inakula ufukwe. Haikuja kwa kishindo. Ilimega kidogo kidogo, kama mgeni anayejikatia keki ya watu akisema ni kipande chembamba tu, mpaka mwenye keki akashtukia sahani tupu. Mchanga uliondoka, mawe yakatokeza, mawimbi yakaanza kupiga ukuta wa mtaa wa mahoteli wenyewe. Ngazi aliyoitegemea Mama Pacha ikabaki inaning'inia hewani, na mgeni akitaka kushuka ilibidi aruke. Wageni wengi hawakuja mapumzikoni ili waruke. Walipiga picha, wakarudi kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Watu wa viti walihamia juu, kando ya maegesho, na wateja wachache waliosalia walilala chini ya miavuli wakitazama bampa za magari. Mama Pacha alikuwa bado anatandaza viti vyake kila asubuhi, lakini alivitandaza kama mtu anayeanika nguo za msiba.

Ndipo zikaja habari kwamba mchanga utarudishwa. Meli kubwa ingetia nanga mbali kidogo na pwani, ifyonze mchanga kutoka chini ya bahari, iusukume kwa bomba nene mpaka nchi kavu, na huku mabuldoza yangeusambaza. Watu wa mtaani walicheka. Mchanga unatolewa baharini, unawekwa ufukweni, bahari inauchukua tena, na watu wanalipwa mshahara. Nyoosha hakucheka. Alikwenda ofisi ya mradi asubuhi na mapema akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, akasema anaendesha chochote chenye kisu mbele, na kwa kuwa madereva wa mashine nzito hawaokotwi barabarani, wakamchukua.

Alirudi nyumbani akakuta mkewe anakatakata vitunguu.

"Mama Pacha, nimepata kazi."

"Si umestaafu wewe? Wapi tena?"

"Pale kwako."

Kisu kikasimama. "Pale kwangu kuna nini cha kutengeneza? Si hakuna kitu pale."

"Ndiyo nakwenda kukiweka," alisema Nyoosha, na kichwa kikamvimba kwa namna ambayo hata kofia ya kazi siku ile ilikataa kuingia vizuri.

Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake aliyoweza kuiendea kwa miguu na kurudi nyumbani kula mchana. Bomba lilitema maji meusi na mchanga kwa mngurumo wa kutosha kuwafukuza ndege, na yeye juu ya buldoza aliukusanya, akausukuma, akaulaza. Msimamizi wao alikuwa mhandisi, dada wa umri wa watoto wake, mwenye kofia pana kuliko mabega yake na miguu isiyotulia. Siku ya kwanza aliwakusanya madereva akawaambia mambo machache.

"Sambazeni mpaka kwenye vijiti vyenye utepe. Uinamisheni kidogo kuelekea baharini. Baada ya hapo uacheni, msiuhangaishe. Na ule ukingo wa mbele msiuonee uchungu. Bahari itaukata, itaupanga inavyotaka yenyewe. Tumeongeza mchanga wa ziada kwa ajili hiyo."

Nyoosha alidhani amesikia vibaya. Akamwuliza jirani yake, naye akamthibitishia kuwa ndivyo, wanaweka mchanga mwingine kusudi uliwe. Mzee wa watu alikuna kichwa. Kwenye barabara, mtu akikwambia lami ya kipande cha mwisho inamwagwa ili isombwe na mvua, unamtafutia maji ya kunywa na mahali pa kulala. Lakini mwenye kazi ni mwenye kazi, akapanda mashine yake.

Siku zikaenda vizuri, ufukwe ukanenepa. Ngazi iliyokuwa inaning'inia ikapata mahali pa kuweka mguu. Ila kuna kitu kilimtafuna Nyoosha kila alipozima injini na kushuka. Akikanyaga, mguu unazama mpaka kifundoni. Aliuchomoa kwa aibu, akatazama kama kuna aliyemwona. Kwa mtu wa barabara, ardhi inayomeza kiatu ni kazi ya kitoto. Ni kazi ambayo mkandarasi akiiona anakuita pembeni. Na kipande chake yeye, kwa bahati ambayo hakuiomba lakini aliishukuru, kilikuwa kile cha chini ya ngazi. Ndipo mahali hasa ambapo Mama Pacha angerudisha viti vyake. Je, amkabidhi mke wake kitu kinachozama?

Moyo ulikataa, na moyo wa mzee ukikataa kitu huwa hauna rufaa.

Ilitokea kwamba juu, kwenye mtaa wa mahoteli, walikuwa wanakarabati lami, na dereva wa rola, lile lidude lenye gurudumu la chuma la kushindilia, alikuwa mtu wa kambi za zamani, rafiki wa kula sahani moja. Ikatokea pia kwamba bomba lilipasuka upande wa mbali, na mhandisi akawa anashinda huko na mafundi. Nyoosha alimfuata rafiki yake wakati wa chakula.

"Nina kipande kidogo huko chini. Kinahitaji kubanwa."

"Kwenye mchanga?"

"Mchanga wenyewe umechanganyika na tope laini na chokaa ya makombe. Ukiupata mbichi hivi, unashika kama sakafu. Wewe shuka uone."

Yule rafiki hakuhitaji kubembelezwa, maana kubana kitu kilicholegea ni raha yao wote wawili. Rola likashuka kwa njia ya magari ya mchanga, linatikisika na kunguruma, na mlinzi alipotaka kuuliza, Nyoosha alimwashiria kwa mkono namna wakubwa wanavyoashiria, naye akawapisha. Mchana huo na mchana uliofuata, wakati wenzao wamejinyoosha kivulini, wale wazee wawili walikwenda na kurudi, mmoja anabana, mwingine anapita nyuma na kisu cha buldoza anaondoa kila tuta, hata la ukubwa wa yai. Walipomaliza, Nyoosha alipiga kisigino chini kwa nguvu. Hakikuacha alama. Akapiga tena, kwa furaha tu.

Pakawa pamenyooka mpaka panatisha. Kaa mmoja alitoka upande wa mawe, akatembea, akajaribu kuchimba, akasogea, akajaribu tena, halafu akasimama na macho yake juu kama mtu aliyerudi safarini akakuta kitasa kimebadilishwa. Nyoosha alimwona na hakumwelewa.

Asubuhi watu wa viti waliporuhusiwa kushuka, mzee alikuwa pale mapema kuliko wote. Alikuwa amenyoa. Mama Pacha aliteremka ngazi akiwa na miavuli begani, na alipofika chini akasimama. Mbele yake palikuwa na uwanja mpana, laini wa kutazama, unaometa, unateremka taratibu mpaka majini bila shimo wala tuta. Aliiweka miavuli chini, akavua kandambili, akatembea juu yake, na Nyoosha akatembea nyuma yake mikono mgongoni, roho juu, akisubiri lile neno. Ilikuwa imebaki kidogo sana.

Mama Pacha alichukua mwavuli wa kwanza. Wenye kazi hiyo wana namna yao: unashika mlingoti wenye ncha kwa mikono miwili, unauegemea, unauzungusha kulia na kushoto huku kiuno kikifuata, na mchanga wenyewe unaunywa mlingoti mpaka kina cha kiwiko. Mama Pacha alifanya hivyo tangu ujana wake, angeweza kufanya usingizini. Akaegemea. Mlingoti ukasema ti. Akasogea hatua, akaegemea tena. Ti. Mbele kidogo, mwenzake mwingine naye, ti, na mwingine, ti, mpaka ufukwe mzima ukawa unalia kama jikoni panapotwangwa kitunguu saumu.

"Nani katumwagia zege?" akauliza mtu wa viti vya manjano.

Upepo ukapita. Mwavuli uliokuwa umeegemezwa ukaondoka wenyewe, ukabiringika kwa raha zote juu ya ule uwanja ulionyooka, bila kitu chochote cha kuuzuia, na watu wawili wakaukimbilia. Mgeni mmoja wa kwanza kwanza alitandika taulo lake, akajitupa chali kama alivyozoea, akainuka haraka akisugua nyonga. Mama Pacha akageuka.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Hapa umefanya nini?"

"Nimekushindilia mchanga," alisema mzee, na masikini, bado alikuwa anatabasamu. "Hapa hata lori lenye shehena lipite, halitikisiki."

"Lori linakuja kufanya nini kwenye miavuli yangu?"

Alitazama chini, akatazama mlingoti mkononi mwa mkewe na ncha yake iliyopinda, na ndipo tabasamu lilipomtoka, taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

Mhandisi alifika akihema. Alikuwa na chuma chembamba cha kupimia, akakisukuma ardhini, kikakataa. Akasukuma kwa uzito wake wote, kikapinda. Akatazama zile alama pana za gurudumu la chuma pembezoni, ambazo wazee wawili walisahau kuzifuta.

"Mzee wangu. Rola liliingiaje hapa?"

"Nililiita mimi, mwanangu. Mchanga ulikuwa unalegea."

"Ufukwe lazima ulegee." Alikuwa amekasirika kweli, lakini alijizuia kwa ajili ya mvi za mwenzake, akachuchumaa akamwonyesha ukingoni. Pale bahari ilipofika wakati wa kujaa, ule mchanga uliobanwa haukuwa umelainika wala kujipanga. Ulikuwa umevunjika wima, kama ganda la mkate, ukaacha ukuta ambao mtoto akikimbia angeanguka nao. "Wimbi likipanda kwenye mchanga uliolegea, maji yanapotelea ndani na linachoka. Likipanda kwenye kitu kigumu halichoki. Linarudi na nguvu zake zote, na linabeba. Niliwaambia muuache."

"Uliniambia," akakiri Nyoosha. "Masikio yalisikia. Mikono ndiyo haikukubali."

Mhandisi alisema watautifua, atamwita dereva mwingine baada ya chakula, akaondoka zake kwenye bomba lake. Watu wa viti wakabeba viti vyao kurudi kwenye maegesho, na si wote waliobeba kimya.

Mchana nyumbani chakula kilikaa mezani kikapoa. Kitambaa kilikuwa kimevutwa upande, wazi wazi, na mzee hakukigusa. Mama Pacha aliliona hilo na likamtia wasiwasi kuliko maneno yoyote.

"Kula."

"Nilitaka uone kazi yangu," alisema Nyoosha akiitazama sahani. "Miaka yote hii, Mama Pacha. Nimefanya kazi mpaka nimezeeka, na hujawahi kuiona. Nikasema hii ataiona."

"Nimeiona."

"Halafu?"

"Nzuri. Kwa magari."

Mzee akacheka kidogo bila kutaka, kisha uso ukamrudi ulivyokuwa. Mama Pacha akavuta kiti karibu.

"Nikuulize. Mwavuli unachomekwaje?"

"Si unachomekwa tu."

"Kwa kina gani? Kwenye upepo unaulaza upande gani? Wakati wa kujaa maji viti navisogeza mpaka wapi?" Akasubiri. "Hujui. Mimi barabara zako sijaziona, kweli, na hilo ni kosa langu, ningefunga siku moja nikaja. Lakini kambi yangu mimi iko mwisho wa mtaa. Umelala na mwenye ufukwe nyumba moja, ukaenda kumwuliza dereva wa rola."

Hapo ndipo lilipomwingia. Muda wote alikuwa anahesabu kwamba yeye ndiye hajaonwa. Kumbe na yeye, kila alipopita pale, alikuwa anaona viti vilivyokaa ovyo na haoni mtu anayevikalisha. Alijisikia vibaya, na alistahili kujisikia vibaya, nami sitamtetea. Alikula vijiko kadhaa ili mkewe aridhike, akavaa kofia, akaenda kumtafuta mhandisi.

"Usimwite mtu mwingine. Niliuharibu mwenyewe, niutifue mwenyewe."

Buldoza lina meno nyuma, makubwa, ya kushushwa ardhini na kukokotwa, na kazi yake ni kuvunja kilichokuwa kigumu. Nyoosha alikuwa ameyatumia maisha yake yote kuvunja barabara za watu wengine, zile mbovu, na hata hizo alizivunja kwa heshima. Alipoyashusha kwenye kile kipande alichokinyoosha kwa mikono yake, aligeuza uso pembeni. Atakayeelewa ni mama aliyewahi kufumua sweta alilolifuma mwenyewe, uzi baada ya uzi, kwa sababu shingo haipiti kichwani. Mashine ikaguna. Uso ule uliometa ukapasuka, ukainuka mabonge mabonge, ukaanguka nyuma yake kama shamba.

Alipogeuza mashine kuanza mstari wa pili, akamwona mkewe. Alikuwa ameshuka ngazi akiwa na mlingoti mmoja tu wa mwavuli, kitambaa kimefungwa kiunoni, anatembea ndani ya mifereji ya meno. Alifika mahali, akauegemea mlingoti, akauzungusha kwa kiuno chake, akainua mkono.

"Bado. Rudi."

Akarudi.

"Bado. Shusha zaidi hayo meno yako."

Akashusha. Mwisho mlingoti ukaingia, ukasimama wenyewe, na Mama Pacha akauchomoa na kwenda mbele. Ikawa ndiyo kazi yao. Yeye anatifua, mkewe anachomeka. Mkono ukiinuka anarudi, mkono usipoinuka anaendelea. Watu wa viti waliokuwa wamekuja kuzomea walikaa kwenye ngazi, kuzomea kukawashinda, wakaanza kutoa ushauri. Mtu wa viti vya manjano alisema kuwa katika maisha yake hajaona dereva wa mashine nzito anayeendeshwa kwa mwavuli.

Na Nyoosha, kutoka pale juu, alimtazama. Hakuwa na pengine pa kutazama. Aliona kwamba hachomeki popote tu. Anasimama kwanza, anageuza shavu kutafuta upepo, anaangalia majini, anaangalia jua, ndipo anachagua. Aliona kwamba viti vile alivyoviita ovyo vilikuwa vimepewa nafasi ya kupita maji, nafasi ya kupita watoto, nafasi ya kivuli kuhamia. Kulikuwa na mpango pale kuanzia mwanzo hadi mwisho, ila haukuwa mstari. Alitamani kuzima mashine amwambie. Akaona atafokewa kwa kusimamisha kazi, akaendelea.

Walipomaliza, pale chini ya ngazi palikuwa kama kitanda kilicholaliwa na watoto wengi. Nyoosha aliteremsha kisu cha mbele, taratibu, kwa kidole kimoja tu, ili apitishe mara moja, apaguse kidogo.

"Baba Pacha."

"Naondoa yale makubwa tu."

"Usiguse."

Akainua kisu.

Usiku bahari ilikuja ikafanya yake. Asubuhi ule ukuta wa ukingoni ulikuwa umeyeyuka, na maji yalipanda, yakazama mchangani, yakarudi machache, yakiwa yamechoka, vile vile mhandisi alivyosema. Mabonge yalikuwa yamelainika. Mhandisi alichomeka chuma chake, kikaingia kama kwenye wali, akamtazama Nyoosha chini ya ile kofia pana na kumpa mkono. Kisha akaufungua ufukwe.

Wageni walishuka kama waliokuwa wamefungiwa. Kabla jua halijapanda vizuri, hapakuwa na mahali pa ukubwa wa sinia pasipokanyagwa. Watoto walichimba mashimo na kurundika vilima, mtu akazikwa mpaka shingoni kwa hiari yake, miavuli ikasimama huku na huko, na kaa wakawa na milango kila upande. Nyoosha, ambaye alikuwa mapumzikoni siku ile, alizunguka kando kando kwa mazoea, akitafuta kipande cha kazi yake kilichosalia. Hakukiona. Hakuna mtu ambaye angeweza kusema kuna mashine iliwahi kupita pale. Iliuma kidogo, tusidanganyane.

Alikuwa amefika nyuma ya miavuli ya mkewe aliposikia sauti ya mteja, mama mmoja mtu mzima, anayekuja miaka yote na kujiona ana hisa ufukweni. Mama huyo alikuwa amechota mchanga mkononi, anauchambua kama mchele.

"Ule wa zamani ulikuwa mweupe zaidi. Huu una weusi weusi."

"Utapauka," akajibu Mama Pacha. "Upe jua."

"Na makombe yake yanachoma."

"Dada, umelala hapo tangu asubuhi na umesinzia mara mbili, nimekuona. Makombe hayajakuchoma wewe." Sauti yake ilikuwa imepanda, na mikono iko kiunoni. "Unajua hapa palikuwaje? Palikuwa mawe. Ungekuwa umelala kwenye maegesho, unatazama bampa. Mchanga huu ameutandaza mume wangu. Akaona hauko sawa, akautifua wote upya kwa siku moja, na mgongo wake ule. Kuna watu wangapi wanaofanya hivyo? Lala, mama. Hapa imefanyika kazi."

Yule mteja akalala.

Nyoosha alibaki palepale alipokuwa, nyuma ya kitambaa cha mwavuli, kofia mkononi. Alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu hata akaandaa cha kulijibu, kitu cha utani, cha kujifanya hajali. Sasa hakikuja. Alifurahi mpaka akaona haya, akaizungusha ile kofia kama kijana aliyeitwa mbele ya wakwe.

Mama Pacha akageuka, akamkuta. Wakatazamana. Alijua amesikiwa, na hakuwa mtu wa kurudia.

"Mbona umesimama hapo kama mgeni?" akasema. "Kuna watu wanashuka ngazi. Lete viti."

"Niviweke wapi?" akauliza mzee, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumwuliza hivyo.

Mama Pacha alisimama, akageuza shavu kutafuta upepo, akaangalia maji. "Pale," akasema, akionyesha mahali ambapo hapakuwa kwenye mstari na kitu chochote. Nyoosha akanyanyua viti viwili kwa mpigo, ingawa mgongo ulikuwa umemkataza hata kimoja, akaenda navyo huku miguu ikizama mpaka vifundoni, akavitua palepale alipoambiwa, upande kidogo, akaviacha hivyo hivyo na kurudi kuchukua vingine.